Kola ya Askari

Nyumbani kwangu Suguti hakuna mnyama aliyezaliwa pale. Wote waliletwa, na wote waliletwa wakiwa wameshachoka. Kuna punda ambaye mgongo wake umebonyea kwa miaka ya kubeba madumu ya maji, kuna maksai mwenye jicho moja, kuna paka asiye na masikio. Na kuna mbwa, wengi, waliolinda maduka na maboma ya watu mpaka meno yakaisha, halafu wakaonekana ni mzigo. Mnyama akishaingia kwangu hatoki. Hauzwi, hachinjwi, hapelekwi kutupwa porini. Anakula, anaota jua, na siku yake ikifika ninamchimbia shimo kule nyuma kwenye minyaa na kumfukia vizuri.

Mjukuu wangu Gati, binti wa miaka ishirini ninayeishi naye, alinitania siku moja tukichambua mchicha.

"Bibi, kitendawili."

"Tega."

"Nyumba ina wageni tele, na hakuna hata mmoja anayeaga kwa miguu yake."

"Mjinga wewe! Si hii nyumba yangu?"

"Umepata," akasema, tukacheka mpaka mchicha ukamwagika.

Siku hizi nikikikumbuka kitendawili hicho ninageuka kuangalia mlango.

Mambo haya yalianza na maksai. Marehemu mume wangu Felisiani alimwita Trekta. Alipokufa Felisiani, tulipomaliza tu matanga, wanangu wakasema Trekta amezeeka, apelekwe mnadani. Nikawaambia huyu ndiye aliyelima shamba lililowasomesha, mkitaka kumuuza niuzeni mimi kwanza. Wakaniacha. Habari zikaenda, na watu wakaanza kuniletea wa kwao, kutoka Buhare, kutoka Butiama, hata Bunda. Wengine waliwaleta nyuso zimejaa aibu, wengine waliwafunga kwenye mti wa lango alfajiri wakaondoka.

Jirani yangu Makongoro, mvuvi, hakuacha kunicheka. "Mama Florian," alikuwaga ananiambia, "wenzako wanafuga ng'ombe wa maziwa, wewe unafuga misiba." Lakini huyo huyo ndiye aliyekuwa akinipitishia kiroba cha vichwa vya samaki kwa ajili ya mbwa, kila Jumatano. Wapo waliosema mabaya kuliko hayo, kwa sauti ya chini, wakinipita kisimani: bibi anayekusanya vinavyokufa, anavifanyia nini?

Sasa nieleze habari ya majina, maana ndiyo iliyotuponza.

Kwetu mtu akifa, jina lake anapewa mtoto anayezaliwa baadaye, na mtoto huyo anaheshimiwa kama yule aliyeondoka. Mimi Nyamburi ni jina la mama yake baba yangu. Nilipokuwa mdogo, babu yangu, mzee wa kutembelea mkongojo, aliniita "mke wangu" na kunimegea mnofu wa kwanza wa samaki, na hakuna aliyecheka. Nilijua mimi ni mimi, na nilijua pia mimi ni bibi yangu. Yote mawili yalikaa ndani yangu bila kugombana.

Basi na wanyama nikawafanyia hivyo hivyo. Akifa mmoja, anayefuata anarithi jina. Sikutaka jina likae bure, likaniumiza kila nikiona bakuli lake.

Askari wa kwanza alikuwa mbwa mweupe, mkia umekatika, wa wafugaji wa Butiama. Watu wa chanjo ya kichaa cha mbwa walipokuja kwenye uwanja wa shule, nilimpeleka pamoja na wenzake. Wakamchoma sindano, wakamvalisha kola ya kitambaa cha buluu shingoni, wakanipa na kadi. Kadi nikaiweka ndani ya Biblia. Kiangazi kilipoingia Askari akafa kwa uzee wake, usingizini, kifo kizuri kabisa. Kabla sijamfukia nikamvua ile kola.

Wiki mbili baadaye binti yangu Sara, mama yake Gati, anayekaa Kabasa pale Bunda mjini, akanitumia mbwa kwa lori la mahindi. Alikuwa mbwa wa kahawia, mkubwa, mkia mzima, mlinzi wa duka ambalo mwenyewe amefariki na watoto hawamtaki. Aliposhuka kwenye lori alinusa mkono wangu, akakaa chini, akatulia kama mtu aliyefika alikotumwa.

Nikamwambia Gati, "Askari amerudi."

Nikaifua ile kola kwa sabuni, nikaianika, nikamvalisha. Ilimkaa sawasawa. Wala sikuona kama ninadanganya mtu.

Mwaka uliofuata watu wa chanjo walipopita na spika, mbwa wangu hawakwenda. Nilisema hawa ni wazee, jua kali, uwanja mbali, na kila nikiangalia shingo naona buluu.

Huyo mgeni alikuja mwezi wa tano, asubuhi, wakati natoa majivu jikoni. Nilimwona akitokea upande wa barabara ya Butiama, mbwa mwembamba, kichwa chini, anatembea moja kwa moja kama aliyevutwa kwa kamba. Mbwa mgeni akiingia kwa watu huwaga anasitasita, ananusa, anaomba ruhusa kwa mkia. Huyu hakunusa kitu. Alipita karibu na pipa la maji, ulimi nje, povu limeganda mashavuni, na hakuyatazama maji. Askari akamsimamia katikati ya uwanja. Yule akamrukia, akamng'ata sikio mara moja tu, bila kelele, akaendelea na safari yake kama hakuna kilichotokea. Akatokea upande wa pili wa uzio, akapotea kwenye mihogo.

Makongoro alikuwa mlangoni na nyavu zake begani. "Mgeni wa leo hajasalimia hata," akasema.

"Labda ana haraka," nikamjibu.

Tukacheka. Nikaosha sikio la Askari kwa maji ya chumvi, nikapaka majivu, likapona. Baada ya siku mbili tukasikia kijiji cha mbele wameua mbwa kwa mawe. Nikasema maskini. Sikuunganisha.

Wiki sita zikapita.

Jumatano ile Makongoro alileta kiroba, na ndani mlikuwa na gogogo wengi. Gogogo ni samaki wetu wa ziwani mwenye miiba mitatu migumu kama misumari, akinaswa analia kwa sauti ya mlango mbovu. Mbwa walikula. Askari hakula. Alikwenda nyuma ya ghala, mahali penye giza, akalala uso ukutani.

Alhamisi mdomo wake ulikuwa wazi. Taya la chini lilining'inia, mate yanashuka kama uzi, na kila akimeza shingo inakakamaa. Alibweka mara moja. Punda alisimamisha masikio, kuku wakanyamaza. Haikuwa sauti ya Askari. Ilikuwa kama mtu anabweka akiwa ndani ya mtungi.

Watu wa ziwani tukiona mdomo hivyo tunajua jambo moja tu: mwiba. Watoto wetu wanakwamwa na miiba kila siku. Gati alikuwa na sifa kijiji kizima kwa kutoa miiba, kwa sababu ana mkono mdogo na hatetemeki. Alishamtolea mtoto wa Makongoro mwiba uliokuwa umeshamfanya abadilike rangi.

"Gogogo amemkwama," nikasema. "Gati, wewe una mkono mdogo."

"Bibi, mbona hakula gogogo?"

"Labda alikula hukumuona. Ingiza taratibu, mimi namshika."

Hayo ni maneno yangu mimi, kwa mdomo wangu. Nikamshika Askari kichwa kwa khanga, nikawa nampangusa mate, nampigia stori. Gati akaingiza vidole mpaka kooni. Akapapasa.

"Hakuna kitu," akasema.

"Ingia zaidi."

Akaingia zaidi. Taya likatikisika. Halikuuma, lilijifunga kidogo tu, kama mtu anayesinzia, likafunguka tena. Gati akautoa mkono. Kwenye vidole viwili kulikuwa na mikwaruzo, mifupi, damu kidogo kama ya kuchomwa na mchongoma.

"Askari, asante yako ndiyo hiyo?" akamwambia akicheka. Akachota maji ya mtungi kwa kata, akajimwagia vidoleni, akajifuta kwenye sketi, akaenda kumalizia kufua.

Ijumaa nilimwekea Askari maji. Akaja mwenyewe, akaingiza mdomo, akatikisika mwili mzima, akarudi nyuma akiyatazama kama ameona mtu ndani yake. Usiku ule sikupata usingizi mzuri, na asubuhi ya Jumamosi alikuwa ametafuna mlango wa ghala mpaka mbao zina damu. Malkia, mbwa wetu kipofu aliyekuwa amezoea kulala naye mgongo kwa mgongo, alimfuata kwa kumnusa. Askari akamgeukia, akamchana pua. Tukarusha kamba, tukamfunga kwenye nguzo tukiwa mbali.

Nikampigia Evance, afisa mifugo wa kata. Kijana mpole, wa kwetu.

"Bibi, msimguse," akaniambia. "Amechanjwa?"

"Amechanjwa. Ana kola na kadi."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika kama ninavyojua jina langu."

Nikamsikia anapumua. "Basi itakuwa mwiba au jino limeoza. Mimi niko Musoma kwenye semina, Jumatatu asubuhi nitakuwa hapo. Msimguse lakini."

Hakuniuliza kama tulishamgusa, na mimi sikumwambia. Kwa nini nimwambie? Mbwa amechanjwa.

Jumapili, baada ya misa, Gati akaondoka kwenda Kabasa kumsalimia mama yake. Nilimsindikiza mpaka njia panda. Vidole vilikuwa vimeshakauka, vimebaki mistari miwili ya kahawia.

"Bibi, kitendawili cha njiani."

"Tega."

"Mzee kavaa kofia ya marehemu, na kila mtu anamwamkia marehemu."

Nikafikiri. "Nimekupa mji."

"Mji gani?"

"Nakupa Bunda yote na soko lake."

"Ah, Bunda nimeshaikubali, naenda kuishika." Akacheka. "Ni Askari wako na kola yake."

Akapanda pikipiki, akanipungia. Nilisimama pale njia panda, na kitu kikanipita moyoni, baridi, kama umekanyaga maji gizani. Kikapita. Nikarudi nyumbani kulisha wanyama. Mtoto alikuwa ameliona jambo lenyewe kwa mzaha, mimi nikalisikia kwa mzaha.

Jumatatu nilipoamka, uwanja ulikuwa kimya. Askari amekufa pale nguzoni, macho wazi, ulimi una mchanga. Nilichukua jembe. Nilikuwa nimeshachimba mpaka magotini nilipoisikia pikipiki ya Evance.

Alivaa glavu kabla hata ya kunisalimia. Alizunguka mzoga, akainama, akatazama lile taya, akatazama mlango wa ghala ulivyotafunwa. Uso wake ukawa wa mtu mwingine.

"Shikamoo Bibi. Lete ile kadi."

Nikaleta Biblia, nikatoa kadi. Mimi nimesoma mpaka la saba. Nilisoma pale juu penye jina, ASKARI, nikampa kwa fahari. Yeye akasoma mpaka chini.

"Dume," akasema. "Umri miaka saba. Rangi nyeupe." Akatazama chini, kwenye manyoya ya kahawia. "Alama: mkia umekatika."

Ule mkia mzima ulikuwa umelala kwenye vumbi katikati yetu.

"Bibi, kadi hii ni ya nani?"

Nilitaka kusema ni ya Askari. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Nikaona aibu yangu yote imesimama pale uwanjani kama uchi.

"Ya Askari aliyekufa," nikasema. "Huyu nilimrithisha."

"Ulimrithisha chanjo?"

Nikaifunga Biblia.

Evance hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alivua kofia, akauliza taratibu, "Kuna mtu ameguswa na mate yake? Kuna mtu ameumwa?"

"Hajaumwa mtu. Gati alikwaruzwa. Nilimwambia aingize mkono atoe mwiba."

"Lini?"

"Alhamisi."

Akahesabu kwa vidole vya glavu. "Siku nne. Yuko wapi?"

"Bunda."

"Mpigie."

Simu ya Gati haikupatikana. Ya mama yake iliita mpaka ikakata. Sara akiwa sokoni hasikii. Nikapiga tena na tena. Evance akaniambia ukweli wote pale pale, akitazama pembeni: ugonjwa huu ukishaanza kuonekana kwa mtu, hauna dawa. Sindano zinasaidia kama zitawahi kabla. Unapanda polepole kutoka kwenye kidonda kwenda kichwani, na hakuna anayejua mwendo wake kwa mtu huyu au yule. Akanifanya nioshe mikono yangu kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika nyingi, mpaka ngozi ikakunjamana, kwa sababu na mimi nilimpangusa mate kwa khanga.

Halafu akaniambia nisitazame. Alitoa kisu na ndoo yenye barafu. Kichwa kinakwenda kupimwa, akasema. Kwa hiyo Askari, niliyemwahidi shimo zuri nyuma ya minyaa, nilimfukia bila kichwa. Nikamvua kola kwa kijiti, nikaitupa motoni. Ilitoa moshi mweusi na harufu ya plastiki.

Makongoro alikuwa amesimama kwenye uzio. Safari hii hakusema kitu cha kuchekesha. "Mama Florian, nenda," akasema. "Wanyama nitawaangalia mimi. Sitawagusa."

Nilipanda nyuma ya pikipiki ya Evance, ndoo mbele yake, mimi na umri wangu huu nimemkumbatia kiuno. Njia nzima nilikuwa naona mbwa. Kila kijiji, kila mlango, mbwa wamelala juani, na kila mmoja nilimtazama mdomo.

Kabasa tulifika saa tano. Mlango wa Sara ulikuwa wazi. Gati amekaa kwenye kigoda, kichwa kimeegemea ukuta, amejifunika khanga mabegani pamoja na joto lile. Chai iko mbele yake, imeota utando. Hajainywa.

Nikaingia bila hodi.

"Bibi! Umekuja na kichaa gani tena?" akasema akicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha.

"Mbona huinywi chai?"

"Nina mafua tu. Koo linawasha."

"Kunywa."

"Bibi, shikamoo kwanza..."

"Kunywa maji, Gati! Kunywa nikuone!"

Nilichota kikombe kwenye ndoo, nusu ikamwagika. Aliniangalia, akamwangalia Evance na glavu zake mfukoni. Nadhani alielewa pale pale. Ni mtoto mwenye akili. Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa. Nilitazama koo lake lilivyopanda na kushuka. Akameza. Akameza tena. Akakimaliza.

"Askari?" akauliza.

"Amekufa."

"Na ile kola?"

"Si ulinitegea mwenyewe?" nikamwambia, na hapo ndipo nilipolia.

Evance alisema siku nne ni mapema mno kwa ugonjwa kuonekana, mafua ni mafua. Akamwosha vidole kwa sabuni hata kama vilikuwa vimekauka. Nilimsikia, lakini moyo ulikuwa hausikii. Hospitali ya kwanza tuliyokwenda sindano hazikuwepo. Wakatuandikia karatasi twende Musoma. Sara alitukuta stendi, mkoba wa mitumba bado begani, na alipoambiwa akanigeukia.

"Mama," akasema, "mimi ndiye niliyekutumia yule mbwa."

"Wewe ulimtuma. Mimi ndiye niliyemvika."

Tukapanda gari la Musoma. Gati alikaa katikati yetu, akiukunja na kuukunjua mkono wake mdogo.

Musoma walituchoma, mimi na yeye, jioni ile ile. Wakatupa tarehe za kurudi: siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, ya ishirini na nane. Daktari alisema kuna dawa nyingine, ya kuchoma pale penye mikwaruzo, ila wakati ule haikuwepo. Nikamuuliza, "Tumewahi?"

"Mmefanya la kufanya," akasema. "Wengi wanapona wakimaliza sindano. Mwangalieni tu. Miezi mitatu ya kwanza zaidi, lakini hata mwaka."

Nilitaka aseme ndiyo. Hakusema ndiyo.

Majibu ya kile kichwa yalirudi baada ya wiki. Yalikuwa vile Evance alivyojua.

Akaja kwangu na kisanduku cha chanjo na daftari. Nikawatoa mbwa wote uwanjani, nikamwambia ukweli wa kila shingo: hii kola ni yake, hii ni ya marehemu, hii ni ya marehemu wa marehemu. Kati ya mbwa saba, watatu tu ndio waliokuwa wamechanjwa kwa miili yao wenyewe. Akawachanja wote, na punda na Trekta. Alipofika kwa Malkia akaweka sindano chini.

"Huyu alichanwa pua, Bibi. Nitamchanja, lakini kwa mbwa aliyeshaumwa sina uhakika. Sheria nzuri ni kumlaza leo, asiamke."

Malkia aligeuza uso wake kipofu kuelekea kwenye sauti, mkia unapiga vumbi.

"Na ile isiyo nzuri?"

"Miezi sita, peke yake, mlango umefungwa. Asiguswe na mtu. Hata wewe."

Nilimwahidi Malkia siku aliyoingia kwamba hapa ndipo atakapofia, kwa siku yake. Nikachagua mlango. Makongoro alitengeneza ghala upya kwa mbao nene, akaacha tundu chini la kusukumia bakuli kwa kijiti kirefu. Alipigilia misumari kimya kimya, na alipomaliza akaitikisa mbao ile mara tatu.

Tangu hapo asubuhi zangu ni mbili. Kwanza nasukuma bakuli la maji, nasimama, nasikiliza. Ulimi wa Malkia ukianza kupiga maji, lap lap lap, napumua. Halafu naingia jikoni na kumwita Gati, namtazama anavyokunywa kikombe chake. Sindano tano alishamaliza. Mafua yaliisha siku zile zile. Anacheka, anafua, anaimba kwaya. Ila tumeacha kutegeana vitendawili. Mara moja nilianza, "Mgeni kaingia, hakunywa maji..." nikaona mkono wake unakwenda kwenye koo, nikanyamaza.

Nimeacha pia kurithisha majina. Mwezi wa nane ameletwa mbwa kutoka Buhare, mlemavu wa mguu. Kabla hajavuka lango alichanjwa. Nikamuuliza aliyemleta, "Anaitwa nani?" Akasema Bosi. Basi ni Bosi, na atakufa Bosi. Mabakuli ya waliokufa nayafunika chini juu, yapo mstari mmoja ukutani, na yananiumiza kama nilivyojua yataniumiza.

Leo ni mwezi wa tisa. Asubuhi nilisukuma bakuli kwa kijiti, nikasimama. Sikusikia kitu. Nikahesabu mpaka mia. Nikainama mbali, nikachungulia kwenye tundu. Bakuli la jana lilikuwa bado pale. Limejaa. Ndani gizani kitu kilijikuna ukutani, kikaacha.

"Gati!"

Alikuja mbio, kikombe chake mkononi. Akaona bakuli. Akaniangalia mimi, na kabla sijasema neno akakiinua kikombe, akanywa yote mfululizo, akakigeuza chini juu nione kwamba halikubaki hata tone.

"Mimi nipo, Bibi," akasema. Kisha akasogea hatua moja kwenye mlango. "Malkia mama, vipi? Labda ni jino..."

"Rudi!"

Akarudi. Nikachukua simu, nikampigia Evance. Nikamweleza: maji hayajanywewa, sauti haipo, anajikuna ukutani.

"Nakuja sasa hivi," akasema. "Hakuna aliyemgusa? Una uhakika?"

Niliweka simu juu ya jiwe, nikamwambia Gati alete mikono yake. Akainyosha. Nikaigeuza juu na chini, nikatazama kidole kimoja kimoja, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka kwenye viwiko. Ile mistari miwili ya zamani ilikuwa pale, imefifia kama uzi. Hakukuwa na mpya. Nikatazama na ya kwangu.

Ndipo nikaokota simu.

"Nina uhakika," nikasema.

Ndani ya ghala, Malkia akabweka mara moja, kama mtu aliye ndani ya mtungi.